Mshika Ufunguo wa Kisima

Mogitu,
5 Juni 2025

Niko wangu, mume wangu,

Nimeandika neno "mume" halafu nikakaa nikaliangalia. Tangu harusi yetu ya baada ya Pasaka bado sijalizoea. Nikiwa peke yangu jikoni nalisema kwa sauti ndogo, na kuku wa mama yako wananitazama kama wanajiuliza kama huyu bibi harusi wa kutoka Daudi kule Mbulu ana akili timamu. Wasamehe, hawajui mapenzi.

Najua ungependa tuongee kwa simu. Lakini mtandao hapa unapatikana kilimani nyuma ya kanisa tu, na pale watu hawakosekani. Nikikuambia nakupenda, wanaitikia amina. Barua ni yetu wawili. Emanuel kondakta ameahidi kuzifikisha mpaka Dongobesh, kwenye jengo mnalojenga, na amenicheka kidogo tu.

Sasa kaa juu ya matofali yako, nina habari.

Jana kulikuwa na mkutano wa kisima cha kitongoji. Wewe unakijua kisima kuliko mimi: kufuli moja, ufunguo mmoja, na bwana Qamara anayeushika. Usichokijua ni mambo yalivyo sasa, kwa sababu wewe hubebi ndoo. Bwana Qamara anafungua jua likiwa limeshapanda. Akifungua, maji ya kwanza yanakwenda kwenye birika la ng'ombe, wake na wa rafiki zake. Sisi tunasubiri mpaka ng'ombe waridhike, na ng'ombe haridhiki haraka. Watoto wanakwenda shule hawajanawa uso. Na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza.

Wanawake walisema wazi wanataka mshika ufunguo mwingine. Mzee Bura, mwenyekiti wa kamati, akauliza nani. Akasimama jirani yetu Violeth, akasema, "Napendekeza mke wa Nikolausi. Amesoma, anaamka mapema, na hana ng'ombe."

Walicheka sana hapo pa ng'ombe. Mimi nilitamani kujificha ndani ya kitenge changu. Mzee Bura akaagiza wanaomtaka Qamara wasimame upande wa birika, wanaomtaka Zita upande wa ukuta wa shule. Nikafumba macho. Nilipofumbua, ukuta ulikuwa hauonekani kwa wingi wa watu. Wanawake, vijana, hata yule mzee asiyeachana na redio yake. Birikani walibaki wachache, na nadhani baadhi yao walifuata kivuli.

Jambo moja tu liliniuma. Mama yako hakusimama. Alibaki ameketi na fimbo yake magotini kama mtu anayesubiri gari.

Lakini nimechaguliwa, Niko. Jumapili ya tarehe kumi na tano, baada ya ibada, Mzee Bura atatangaza rasmi na kunikabidhi ufunguo. Nimeshaanza kusuka uzi mwekundu wa kuuvaa shingoni.

Unakumbuka siku uliyonichagua mimi? Ulikuwa unapiga lipu ukuta wa kanisa letu, sisi kwaya tunafanya mazoezi, ukageuka kunitazama, ukamwaga saruji kwenye kiatu cha padri. Jana watu walinitazama namna ile. Kasoro saruji.

Wako, wako, wako,
Zita


Dongobesh,
8 Juni 2025

Mke wangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Onesphory, fundi mwenzangu, akaninyang'anya. Amesoma mwanzo tu, nikaichukua. Tangu hapo wananiita "Niko wangu" hata wakitaka niwapitishie nyundo.

Hongera kwa hayo ya kisima. Onesphory anasema nimeoa askari wa maji. Anasema wenzetu wakioa wanapikiwa uji asubuhi, mimi wangu atakuwa nje gizani akiwafungulia wafugaji. Ni utani tu. Lakini nakuuliza, utakuwa unatoka alfajiri peke yako? Na mtu mwenye ufunguo anaweza kusafiri? Tuseme siku moja nataka uje huku, utauacha kwa nani? Nauliza tu.

Nina jambo zuri ninakuandalia. Usiniulize ni nini, maana nitasema.

Usiku nikilala nasikia ukiimba ile sauti ya pili. Msalimie mama.

Mumeo anayekupenda,
Nikolausi


Mogitu,
16 Juni 2025

Mpenzi wangu Niko,

Nimekasirika. Nakupenda, lakini kwanza nimekasirika, kwa hiyo soma mpaka mwisho ndiyo uyakute mapenzi.

Jana nilivaa kile kitenge cha kuagwa nyumbani. Uzi mwekundu nilikuwa nao kiganjani, umekamilika, una fundo zuri. Ibada ikaisha, watu wakakusanyika nje, Mzee Bura akakohoa. Akasema kamati imemteua bwana Qamara aendelee kushika ufunguo wa kisima.

Violeth akauliza, na Zita je? Mzee Bura akasema jina la Zita limeondolewa. Limeondolewa na nani? Na wahusika, akasema. Nikajikuta nimesema mbele ya watu wote, "Shikamoo mzee. Wahusika ni kina nani, ikiwa mimi sikuhusishwa?"

Aliitikia marahaba, akapanda pikipiki.

Mwalimu wetu wa Kiswahili kule sekondari aliwahi kutuandikia ubaoni maneno ya kumpa mtu cheo, akataka kila mmoja atunge sentensi. Kupendekeza, kuchagua, kuteua, kupitisha, kukaimisha, kusimika. Nilipata zote. Leo ndiyo najua sikuwa nimeelewa hata moja. Kupendekeza ni Violeth kusimama na jina langu mdomoni huku mumewe akimkodolea macho. Kuchagua ni watu kujaa ukutani mpaka ukuta hauonekani. Na kuteua ni mzee mmoja kukohoa. Wale wote walionyanyua miguu yao wakaja upande wangu, kikohozi kimoja kimewarudisha birikani.

Na kuna neno mwalimu hakuliandika, la kumwondoa mtu bila kumwambia. Sijui linaitwaje. Wanaolifanya hawalitaji.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie. Nadhani ni mama yako.

Siku ya mkutano hakusimama. Halafu Violeth amemwona Alhamisi jioni akitoka kwa Mzee Bura, amekaza mwendo, fimbo mkononi. Nilimfuata leo akiwa anatikisa kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama alikwenda kwa Mzee Bura. Akasema, "Nilikwenda." Kufanya nini, mama? "Kuuliza." Ukajibiwaje? "Nilijibiwa." Akaendelea kutikisa kibuyu. Nilisimama pale mpaka siagi ikajitenga.

Simchukii. Amenipokea vizuri, ananiwekea maziwa ya kwanza. Lakini kama hakunitaka, angeniambia usoni kuliko kuniacha nisimame mbele ya kanisa na uzi mkononi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Naomba uandike kwa Mzee Bura. Wewe umezaliwa hapa, watakusikia. Mwambie aliyeliondoa jina langu hana haki hiyo, hata awe nani. Leo asubuhi nimesubiri tena kisimani. Ng'ombe wa bwana Qamara wamekunywa mpaka wengine wakawa wanachezea maji kwa pua. Mke wa mwalimu aliondoka na ndoo tupu kwa sababu mtoto wake ana homa na asingeweza kuendelea kusubiri.

Mapenzi ndiyo haya, nimeyaweka mwishoni kama nilivyoahidi. Nikilala nakumbatia shati lako la kazi. Bado lina harufu ya saruji, na sitaki lifuliwe.

Wako mwenye hasira,
Zita


Dongobesh,
20 Juni 2025

Zita wangu,

Pole sana, mke wangu. Usilie.

Lakini nakusihi usimshuku mama. Mama siye. Nakuhakikishia, na usiniulize najuaje. Mtoto anamjua mama yake.

Mimi naona tuliache. Kisima kimekuwepo kabla yetu na kitaendelea kuwepo. Bwana Qamara ana uzoefu, anaijua ile pampu tangu ilipofungwa, hata Mzee Bura alisema kwenye simu kwamba ikiharibika ni yeye tu anayeiweza. Kugombana na wazee ukiwa mgeni hakuleti baraka.

Sasa nikuambie lile jambo zuri, labda litakufuta machozi. Nimetupatia chumba hapa Dongobesh. Dirisha linaangalia barabara, utaona magari ya kwenda kwenu Mbulu yakipita. Nimekipaka rangi ya bluu mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa sababu uliwahi kusema bluu inakufanya upumue. Bomba liko uani. Maji yapo muda wote, Zita, hakuna ufunguo wala ng'ombe. Utaamka utakapotaka. Njoo mwisho wa mwezi huu, nimeshamwambia Emanuel akuwekee kiti cha mbele.

Nimekuchagulia na mapazia.

Mumeo,
Nikolausi


Mogitu,
23 Juni 2025

Nikolausi,

Uliongea lini na Mzee Bura kwenye simu?

Zita


Mogitu,
27 Juni 2025

Nikolausi mwanangu,

Anayeandika ni Violeth. Ninayesema ni mimi, mama yako Imakulata. Nimemwambia asipambe.

Mkeo hali chakula sawasawa. Anafanya kazi zote, ananiamkia vizuri, lakini haimbi. Nilizoea kumsikia akiimba.

Alidhani ni mimi. Siku ya mkutano nilibaki nimeketi, na yeye hajui kwamba hapa mtu wa nyumba hasimami kwa mtu wa nyumba yake, watu wasije kusema nyumba imejichagua. Ametoka Daudi, kwao labda wanasimama. Wewe unajua. Ungeweza kumwandikia mstari mmoja, ukanyamaza.

Niliposikia Bura anataka kumrudisha Qamara nilikwenda kwake kuuliza. Akanijibu kwamba mwanangu amepiga simu, amesema mke wake hatashika ufunguo wowote. Akasema, mama, mwenye mke amekataa, mimi nifanye nini? Nikamuuliza, waliosimama ukutani walikuwa mbuzi?

Nilirudi nyumbani na neno hilo tumboni. Mkeo akaniuliza. Sikumwambia, kwa sababu mama hamshtaki mwanawe kwa mkewe. Anamshtaki kwa wanawake, kwenye baraza lao.

Basi nimekushtaki. Baada ya mkeo kuipata barua yako ya mapazia alikuja kwangu mwenyewe, akapiga magoti, akaniomba radhi kwa kunishuku. Nikamwinua. Keshoyake nikapeleka neno kwa wanawake. Wamekuja hata wale wa bondeni ambao hawaji kanisani, wamevaa ngozi zao na shanga, kila mmoja na fimbo. Tumekaa jana mchana kutwa mbali na maboma. Hakuna mwanaume aliyepita karibu. Unajua kwa nini hawapiti: anayekaribia baraza letu hutozwa naye.

Mimi ndiye niliyesimama kusema kosa lako, nikiwa mama yako. Baadhi walitaka nikae, mwingine aseme. Nikakataa. Aliyekuzaa ndiye anayejua ulivyofundishwa.

Wanawake wamesema hivi. Bura alichukua neno la mwanaume mmoja akalifunika juu ya wanawake wote. Atatoa faini ya dume mweusi wa ng'ombe. Amenung'unika, kisha mke wake akaingia ndani na kumfungulia zizi. Wewe utaleta asali, uilete mwenyewe kwa mikono yako. Usimpe kondakta. Utasimama mbele ya wanawake, utasema ulilolifanya bila kusema ulikuwa unampenda. Kupenda hakukuulizwa.

Usipokuja, hakuna mwanamke wa hapa atakayekupa maji ya kunywa. Wa kwanza nitakuwa mimi.

Nimemaliza. Violeth anasema niandike kwamba nakupenda. Unajua.

Mama yako,
Imakulata


Dongobesh,
30 Juni 2025

Zita,

Barua ya mama imefika kabla sijapata ujasiri wa kujibu yako. Sina cha kuficha tena, kwa hiyo nakuandikia nilivyofanya.

Jioni ileile niliyokuandikia kukupongeza ndiyo jioni niliyompigia Mzee Bura. Barua ilikuwa bado mfukoni. Onesphory alikuwa ametania mchana kutwa, nikacheka naye, halafu nikabaki peke yangu na utani wake. Nikawaza chumba. Nilikuwa nimeshakipata. Nikaona ukipewa ule ufunguo hutakuja, utakuwa mtu wa watu wote, na mimi nitabaki nafunga mapazia mwenyewe. Nikapiga. Nilisema, "Mke wangu asihesabiwe." Mzee Bura alikubali haraka sana, akanishukuru. Mtu akikushukuru haraka namna ile ungepaswa kujiuliza umempa nini.

Sikuwaza kukuuliza. Ndilo linalonitesa. Nilikuuliza rangi unayopenda, nikakuuliza utauacha ufunguo kwa nani, nikajifanya nauliza tu. Lile moja la kukuuliza, sikukuuliza.

Na ulipoandika mke wa mwalimu aliondoka na ndoo tupu, niliikunja barua nikaenda kuchanganya mchanga. Siku ile nilichanganya mpaka fundi mkuu akasema tosha.

Nilikuacha umshuku mama yangu. Sijui nitamtazama vipi.

Chumba nimemwambia mwenye nyumba ampe mwingine. Amekichukua Onesphory na mke wake. Mkewe amesema bluu haimpendezi, atapaka krimu.

Asali nimepata, ya nyuki wa kule msituni. Nitakuja nikiwa nimeipakata. Sikuombi unipokee. Naomba tu kujua nije siku gani na nisimame wapi.

Nikolausi


Mogitu,
4 Julai 2025

Nikolausi,

Nilitaka barua hii iwe na mstari mmoja kama ile nyingine. Mama amenikataza. Amesema mtu aliyekiri anajibiwa kwa maneno kamili.

Basi maneno kamili ni haya. Bado nimekasirika. Nikiwasha moto nakasirika, nikifua nakasirika, na shati lako la kazi nimelifua. Nilisoma hapo ulipoandika "mke wangu asihesabiwe" nikaliona jina langu likitolewa kama jiwe kwenye mchele. Ulikuwa unaniandikia kwamba unasikia sauti yangu usiku. Ilikuwa inasema nini, hiyo sauti? Mbona hukuisikiliza?

Ulikuwa unaamini ulinichagua. Siku ile ya saruji ulinitazama, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimeshakutazama wiki nzima. Nilihama kutoka mstari wa nyuma wa kwaya nikaenda kusimama karibu na dirisha ulipokuwa ukipiga lipu. Muulize mwalimu wa kwaya, alinigombeza, sauti ya pili haikai pale. Hukuniteua, Niko. Tulichaguana. Aliyechaguana na mwenzake hapigi simu kumwondoa.

Sasa habari. Juzi Mzee Bura aliitisha watu pale pale penye ukuta. Hakukohoa. Alisema alikosea, jina alilolitoa si lake kulitoa, na kwamba waliochagua walikuwa wamechagua. Bwana Qamara alitupa ufunguo mezani. Nilidhani Mzee Bura ndiye atakayenikabidhi, lakini mama aliinuka, akauchukua, akauingiza kwenye uzi mwekundu, akalikaza lile fundo na kunivika mbele ya watu.

"Siku ile sikusimama," akasema. "Leo nimesimama."

Hapo nililia. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Ndivyo walivyonisimika, na kwa sentensi hii mwalimu wangu angenipa alama zote.

Asubuhi yake nilifungua nyota zikiwa bado zipo. Siendi peke yangu, kama ulikuwa kweli unaogopa hilo. Wanawake wananipitia mlangoni, na mama hutangulia. Bwana Qamara akaja na ng'ombe wake, akasimama mbele ya kila mtu kwa mazoea. "Bibi harusi," akasema, "ng'ombe wangu wana kiu."

"Shikamoo, bwana Qamara. Nyuma ya yule mama mwenye ndoo ya njano."

Alisubiri. Alilalamika, lakini alisubiri, na ng'ombe wake wakanywa kabla jua halijawa kali. Tena nimemwomba anifundishe ile pampu. Amesema atafikiri. Mke wa mwalimu alijaza ndoo mbili. Mtoto amepona.

Kuhusu Dongobesh. Sijasema sitakuja kamwe. Siku ukitaka nije, pendekeza. Mimi nitafikiri, nitaongea na wanawake nani ashike kwa muda, halafu nitachagua. Na rangi ya chumba tutachagua wote. Yule mke wa Onesphory hana macho. Bluu ingekuwa nzuri sana, na nimehuzunika kuliko nilivyotaka kukuambia.

Umeuliza uje siku gani na usimame wapi. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo. Wanawake watakusubiri kisimani, wote, kabla hakujapambazuka. Utakabidhi asali, utasema uliyoambiwa useme. Mama atakuwepo. Mtazame tu, hatakula mtu.

Ukimaliza, usinifuate mbele. Beba ndoo, nenda nyuma kabisa, hata nyuma ya ng'ombe wa bwana Qamara kama wameshafika. Mimi nitakuwa pampuni na sitageuka kukutazama. Mara ya mwisho mmoja wetu alipogeuka kazini, padri alipoteza kiatu.

Foleni inakwenda polepole, lakini inakwenda. Ukifika mbele, nitakujazia ndoo.

Mshika ufunguo, na mkeo,
Zita